Aliyekuja Kumposa Shangazi

"Nimekuja kumposa shangazi yako."

Mohannad aliweka kikombe cha kahawa chini polepole. Yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba. Mtu aliyekaa mbele yake, katika majlisi, chumba cha wageni cha nyumba yao pale Ibra, Oman, alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, kilemba kimefungwa kwa utaratibu, mikono ameiweka juu ya magoti kama mtu anayengoja kupimwa na daktari.

"Unamposa nani?"

"Kaltham."

"Shangazi yangu ana miaka sitini na tatu, mzee wangu."

"Najua. Mimi nina sitini na sita."

Nyuma ya mlango wa jikoni, Amna alimvuta shoga yake, Bi Kaltham, mkono.

"Mwongo huyo," akanong'ona. "Sitini na sita! Alisoma na kaka yangu, na kaka yangu ana sabini."

"Nyamaza, Amna, nataka kusikia."

Majlisini Mohannad alikuwa bado anajikuna shingo.

"Yaani unakuja kumposa kwangu mimi? Yeye ndiye aliyenilea. Kanifundisha mpaka kufunga viatu."

"Nimwendee nani mwengine, mwanangu? Baba yake hayupo. Kaka yake, yaani baba yako Hud, Mungu amrehemu, hayupo. Mtoto wa kiume hakujaaliwa. Walii wake ni wewe. Kama hukuniozesha wewe, hakuna wa kuniozesha."

"Sijakuuliza jina."

"Abdullatif. Wa Samad Ash Shan."

Uso wa Mohannad ulibadilika.

"Abdullatif ndugu yake Bi Fakhriya?"

"Ndiye mimi."

"Basi maliza kahawa yako, mzee, na halua ile. Mgeni hafukuzwi. Lakini jawabu ni la."

Mzee hakushtuka. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyelitegemea neno hilo tangu njiani.

"Naomba sababu."

"Kafaa," alisema Mohannad.

Katika nyumba nyingi za Oman neno hilo husemwa kwa sauti ya chini. Maana yake ni mume na mke wawe sawa kwa nasaba, na kwa neno hilo posa nyingi zimerudishwa mlangoni. Bi Kaltham ni mwanamke mweusi, binti wa Mubarak, na bibi yake aliletwa Unguja utumwani. Abdullatif ni Mwarabu wa ukoo unaohesabiwa mababu kumi na zaidi.

"Mwanangu, mimi mambo ya kafaa sikuyaleta humu ndani..."

"Nayaleta mimi. Wewe si kafu yake." Mohannad aliinamia mbele. "Shangazi yangu ana duka Ibra, ana duka Sur, mimi mwenyewe nasimamia la Nizwa. Ana karakana inayolisha wanawake wengi wenye watoto wao. Wewe umefanya nini? Umestaafu. Maneno haya ya usawa mliyaleta nyie. Basi leo mnapimwa nyie."

Jikoni Amna alijiziba mdomo kwa ushungi ili asicheke. Bi Kaltham hakucheka.

* * *

Mgeni alipoondoka, Mohannad aliingia jikoni akakuta shangazi yake anaosha kikombe kilekile kwa mara ya pili.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hukufurahi?"

"Nifurahi nini? Mie nilikwambia kuna mtu atakuja. Nikakwambia, Mohannad, msikilize."

"Hukuniambia ni yeye!"

"Ningekwambia ungekwenda Nizwa usirudi."

Alimjua kijana wake vizuri. Mohannad alikuwa hajazaliwa bado wakati wa mambo yale, lakini aliyasikia kwa wanawake wa karakanani, kila mmoja na jinsi yake ya kuyasimulia.

Kaltham alikuja Oman mtoto wa miaka kumi, yeye, mama yake na kaka yake, wametoka Unguja na sanduku moja. Mama alikuwa msusi, anawapamba maharusi. Pale Ibra wanawake weusi walikuwa wengi, lakini hakuna aliyekuwa akitengeneza kitu kwa ajili ya nywele zao. Walikuwa wakizifunga tu, wakizionea haya. Kaltham alipopata akili akachukua mafuta ya nazi, yasmini na karafuu, alivyofundishwa na mama, akayachemsha na majani ya mkunazi wa huku Ibra. Akaharibu sufuria nyingi. Hatimaye akapata mafuta ya kijani yanayolainisha nywele ngumu bila kuziua.

Akaanza kuuza kwenye mkeka, katika soko la wanawake la Jumatano, ambalo wanaume hawaingii. Siku alipokwenda kuomba leseni ya duka, karani alitazama nyuma yake akamuuliza, "Mwenye duka yuko wapi?" Akajibu, "Ndiye huyu unayeacha kumtazama." Hakuna mwanamke mweusi aliyekuwa amemtangulia mlangoni pale. Waliomfuata walikuja baadaye, na baadhi yao yeye ndiye aliyewashika mkono mpaka kwa karani yule yule.

"Shangazi, yule mtu alikuacha," alisema Mohannad pale jikoni.

"Aliniacha."

"Na dada yake akakutukana mbele ya soko zima."

"Alinitukana."

"Halafu leo unataka nimpe mkono wangu niseme nimekuoza?"

"Nataka," alisema Bi Kaltham.

Kabla Mohannad hajajibu, Amna akadakia.

"Kalthamu, walii akizuia bila ya sababu ya sheria, kadhi anaoza. Mahkama si mbali. Twende Jumapili."

"Sitomshitaki mwanangu."

"Basi hutoolewa."

"Basi sitoolewa," alisema, akakiweka kikombe kwenye kabati. "Lakini nikwambie jambo moja. Mohannad, yale majibu uliyompa yule mzee yalikuwa matamu. Nilikuwa nayangoja ujana wangu wote, mtu wa kuwajibu vile. Ila leo hukunijibia mie. Ulijijibia mwenyewe."

Kijana alichukua funguo za gari, akasimama mlangoni.

"Ukienda Samad kwa mume," alisema bila kugeuka, "mimi alfajiri nani atanipigia simu kuniamsha?"

Akatoka. Amna na Bi Kaltham wakatazamana.

"Kumbe," alisema Amna.

"Kumbe," alisema Bi Kaltham.

* * *

Jioni ile simu ya Bi Kaltham ililia, ujumbe wa Abdullatif umeingia.

*Mtoto wako ana ulimi wa moto. Mungu amhifadhi. Kaniunguza mahali panapostahiki.*

Akajibu kwa kidole kimoja, polepole:

*Umekasirika?*

*Hata kidogo. Nikupigie?*

*Piga.*

Walikuwa wamekutana tena baada ya Ramadhani. Abdullatif, aliyefiwa na mkewe, aliingia duka la Ibra na mjukuu wake Alyaa, msichana wa chuo mwenye nywele nyingi za kujisokota, anatafuta mafuta. Bi Kaltham alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake. Mzee alisahau alilokuja kununua. Tangu siku hiyo walikuwa wakisabahiana kila asubuhi kwa simu, kwanza kwa salamu tu, kisha kwa habari za maumivu ya mgongo, kisha kwa mambo ya zamani.

"Kaltham, unakumbuka wino?" aliuliza mzee alipopiga.

Bi Kaltham akacheka kabla hajamaliza.

"Nisikumbuke!"

Miaka ya themanini Abdullatif alikuwa karani kijana mwenye mwandiko mzuri. Kaltham alikuwa hajui bado kuandika Kiarabu, na chupa zake zilitaka jina. Dada yake Abdullatif, Bi Fakhriya, akampelekea karatasi ndogo ndogo alizoandika ndugu yake, kwa sababu ndugu huyo mwenyewe asingeweza kuingia soko lile. Kila Jumatano kijana alikuwa akingoja nje, kwenye kivuli cha gari, mpaka dada yake atoke.

"Nilikuwa nikimuuliza Fakhriya, 'Kasemaje?' Ananiambia, 'Kasema wino wako unafutika ukipata mafuta.' Wallahi nilikuwa nalala na maneno hayo kama mtu aliyeambiwa anapendwa."

"Si nilikuwa nakwambia kweli? Wino ulikuwa mbovu."

"Nikamwambia, 'Mwambie nitatafuta mwengine.' Jumatano ya pili, 'Kasemaje?' 'Kasema huu nao unafutika, lakini afadhali.' Afadhali! Nilipanda mpaka Nizwa kutafuta wino kwa sababu ya hiyo afadhali."

"Halafu ukaacha kuuliza," alisema Kaltham.

"Nikaacha. Niliwaambia wazee wangu nataka kukuoa, wakakaa, wakasema la. Dada akaja kwako sokoni akasema aliyoyasema. Mimi nikaambiwa niende Muscat, nikenda. Nikaambiwa nimuoe binti ami, nikamuoa. Alikuwa mwanamke mwema, Mungu amrehemu, sina ubaya wa kumsema. Lakini siku ile ningesimama, Kaltham. Nilikuwa na miguu. Sikusimama."

"Na mie nikaolewa Sur. Mume akaniambia nichague, yeye au masufuria. Nikamwambia masufuria hayajapata kunifokea."

Wakacheka wote wawili.

"Nifanye nini?" aliuliza mzee.

"Rudi kwa mwanangu."

"Akinikataa tena?"

"Utarudi tena. Hivi sasa una shughuli gani nyengine?"

* * *

Akarudi. Safari hii alimfuata Mohannad mpaka Nizwa, dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja huku wanawake wanachagua chupa. Alimwamkia kila mmoja. Kufika adhuhuri Mohannad akachoka kumpita kama fanicha.

"Mzee, twende tukanywe chai."

Walikaa mkahawani.

"Nikuulize, na unijibu kweli," alisema Mohannad. "Dada yako alisema nini siku ile?"

Mzee alitazama chai yake.

"Sikuwepo. Niliambiwa."

"Hata mimi niliambiwa. Sema."

"Alisema, 'Mafuta yako tutayapaka vichwani. Wewe mwenyewe hatukuweki kichwani.'"

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya soko zima."

"Shangazi yangu akafanya nini?"

"Niliambiwa akaendelea kuuza."

"Akaendelea kuuza," alirudia Mohannad. "Mpaka leo anaendelea kuuza. Ana maduka matatu lakini kila Jumatano anatandika mkeka pale pale. Watu wanadhani anapenda soko. Mimi nadhani anakataa kuondoka." Akasukuma kikombe. "Sharti langu moja. Bi Fakhriya aje sokoni Jumatano, amuombe radhi yeye mwenyewe, mahali pale aliposema."

"Mwanangu, dada yangu ana miaka sabini na sita. Magoti yake hayamchukui. Kosa ni langu. Niambie mimi nisimame hapo niombe, nitasimama."

"Wewe huwezi. Lile ni soko la wanawake."

Kidogo kidogo, Abdullatif akaanza kutabasamu kwa uchungu.

"Kwa hivyo nitangoja nje tena."

"Utangoja nje tena."

* * *

Jumatano asubuhi soko lilikuwa limejaa. Wenye wanja, wenye udi, wenye vitambaa vya kushonea kofia, kila mtu na kelele yake. Bi Kaltham alikuwa kwenye mkeka wake, Amna ubavuni, wanapanga chupa.

Amna ndiye aliyeona mwanzo.

"Ya Rabbi. Kalthamu, tazama."

Bi Fakhriya alikuwa anakuja polepole, mkono mmoja kwenye fimbo, mwengine kwa Alyaa, mjukuu wa ndugu yake. Watu wakampisha.

"Assalamu alaykum, Kaltham."

"Wa alaykumu salaam, Bi Fakhriya. Shikamoo. Karibu mkekani."

"Marahaba. Nikikaa sitoinuka."

"Tutakuinua."

Akakaa kwa shida. Akavuta pumzi, akatazama wanawake walioanza kusogea.

"Sina sauti ya kupiga kelele," alisema. "Anayetaka kusikia na asogee."

Wakasogea wote. Hata mwenye udi aliacha chetezo chake.

"Nimeambiwa nilisema maneno mahali hapa, zamani. Nimeyatafuta kichwani mwangu tangu nilipoambiwa. Siyaoni. Wallahi siyaoni."

"Mie nayaona," alisema Amna. "Nikwambie?"

"Amna!" alisema Bi Kaltham.

"Mwache aniambie. Ndilo nililokujia."

Amna akayasema, neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza. Bi Fakhriya alikunja uso kama mtu anayesikiliza habari za mtu mwengine.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Ukageuka ukenda zako unacheka."

Bi kizee alinyanyua mkono, akajigusa kichwa juu ya ushungi.

"Na mafuta yenyewe nayapaka mpaka leo," alisema. "Nakumbuka ile chupa ya kwanza. Nakumbuka harufu yake. Kumbe mafuta nimeyakumbuka, maneno nikayasahau."

Hakuna aliyecheka.

"Kaltham, ndugu yangu alitaka nije nikwambie nimejuta miaka yote hii. Sitokwambia uongo. Sikujuta, kwa sababu nilisahau. Wewe umekaa hapa na maneno yangu kila Jumatano, na mimi nimekaa nyumbani nakula tende. Hilo naona ni baya kuliko kusema. Basi naomba radhi kwa kusema, na naomba radhi kwa kusahau. Na mbele ya wanawake hawa nakuomba uwe mke wa ndugu yangu. Ala rasi wa ala aini. Juu ya kichwa changu, na machoni pangu."

Bi Kaltham alikuwa ameshika chupa. Aliitazama kwa muda, akaifunga kifuniko ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

"Mie sikukuita, Bi Fakhriya."

"Najua. Kaniita mwanao."

"Nilimkasirikia kwa kukuita. Nilisema, bi mzima wa miaka hii, magoti yake yale, anatembezwa juani kwa sababu yangu. Nikaona ni aibu." Akaiweka chupa chini. "Na ungekuja ukanililia machozi ya kujuta, nisingekuamini. Haya uliyoyasema nayaamini."

"Umeniwia radhi?"

"Nimekuwia radhi."

"Na ombi langu?"

"Hilo sijibu mie. Walii wangu yuko nje ya geti."

Akatoa simu, akaiweka sauti ya juu ili kila mtu asikie.

"Mohannad, uko wapi?"

"Nje hapa, Shangazi. Na mzee Abdullatif. Jua linatuchoma. Amekuja?"

"Amekuja."

"Amesema?"

"Amesema, na zaidi ya ulivyotaka."

"Umeridhika?"

"Mwanangu, mie niliridhika tangu siku ile ya kahawa. Aliyebaki ni wewe."

Soko zima lilikuwa limeiinamia simu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Utahamia Samad?" sauti ikauliza, ndogo ghafla, sauti ya mtoto.

"Sihami. Atahama yeye. Yule wa Sur alinitaka niyahame masufuria, nikamhama yeye."

Wanawake wakaangua kicheko. Ndani ya simu walimsikia mzee Abdullatif akisema kwa mbali, "Nahama! Mwambie nahama leo!"

"Na simu ya alfajiri?"

"Nitakuamsha mpaka uoe, na ukioa nitawaamsha wote wawili."

Walimsikia akivuta pumzi.

"Haya, Shangazi. Nimekubali."

* * *

Akdi ya ndoa ilifungwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, katika majlisi ile ile. Hapakuwa na watu wengi. Wanaume walikaa chini mbele ya shehe. Wanawake walikaa chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo, pazia likiwa limeshuka. Bi Kaltham alikuwa kati yao na hina mikononi. Maharusi wangapi aliwapamba yeye mwenyewe! Lakini leo alikuwa amekaa wima kama mtu aliyeitwa shuleni kwa mara ya kwanza.

"Tulia," Amna alimwambia.

"Nimetulia."

"Mguu wako unacheza."

Kutoka majlisini ilisikika sauti ya shehe.

"Toa mkono wako, Mohannad. Mshike. Sasa, unamuoza nani?"

"Shangazi yangu. Kaltham."

"Kaltham binti nani?"

"Binti Mubarak."

"Bin?"

Katika chumba cha pili mguu wa Bi Kaltham uliacha kucheza. Mubarak alizaliwa Unguja na mama aliyeletwa utumwani, na jina la baba halikupata kujulikana. Kila mtu katika nyumba ile alijua kwamba baada ya Mubarak hakuna jina. Shehe hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anauliza kama anavyouliza kila siku, na watu wengi humjibu mpaka babu wa tano.

"Hapo ndipo tunapoanzia sisi, Shehe," alisema Mohannad. Sauti yake ilitetemeka, lakini haikushuka.

Shehe alisita, kalamu mkononi.

"Inatosha, Shehe," ilisema sauti ya Abdullatif. "Huyo huyo, Kaltham binti Mubarak. Hakuna mwengine."

"Basi sema, mwanangu."

"Nimekuoza shangazi yangu..." Kijana alikwama. "Nimekuoza shangazi yangu, mamangu, Kaltham binti Mubarak."

"Nimekubali kumuoa," alisema mzee, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Nimekubali."

Bi Kaltham alifunika uso kwa viganja vyenye hina, akasahau kwamba haijakauka. Alipoviondoa, mashavu yalikuwa na michirizi, na Amna akaanza kumgombeza huku naye analia.

Wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa Bi Fakhriya, na alikipiga akiwa amesimama.